Shemeji Kabla ya Wakati

Mwanamume wa kwanza kunipenda, kaka yangu alimng'oa jino. Wa pili alimkimbiza na kisu cha bucha mpaka yule bwana akaruka ukuta wa jirani na kuacha kiatu kimoja uani kwetu. Kwa hiyo nilipompata wa tatu nikasema hapana, safari hii natumia akili. Nitampeleka kwetu bila wao kujua kwamba nimempeleka.

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Bucha, kwa sababu ana bucha, na kwa sababu ana mikono ya kuvunja mifupa. Tangu baba afariki, baba ni yeye. Anasema mwenyewe, tena kwa kupiga meza: "Kwenye nyumba hii baba ni mimi!" Na meza ikishapigwa, kinachofuata kupigwa tunakijua. Mke wake, wifi yangu, sikio la kushoto halisikii tena. Ukitaka kuongea naye unakaa kulia. Hata binti yao amezoea, humzunguka mama yake kwanza ndipo aombe maji.

Huyu wangu wa tatu alikuwa dereva wa basi dogo la kukodi. Madereva wenzake walimbandika jina la Taratibu, kwa kejeli, maana aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Alikuja kibandani kwangu kushonesha viti. Mimi ni fundi wa viti vya magari, nina cherehani nzito ya kushona ngozi bandia, na vumbi la sponji halinitoki kichwani hata nikiosha nywele kwa sabuni ya kufulia. Wateja wangu wote hunisimamia shingoni: haraka fundi, gari linasubiri. Yeye aligeuza ndoo, akaikalia, akanitazama nikivunja sindano ya kwanza, nikivunja ya pili, nikitukana.

"Taratibu, fundi," akasema. "Viti havina miguu, haviendi popote."

Nilicheka mpaka uzi ukanitoka mkononi. Jamani, nilipenda palepale, juu ya kiti cha abiria kilichopasuka tumbo. Mwanamume anayejua kusubiri! Kwetu nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja.

Tulipendana kwa kujificha mpaka kujificha kukaanza kutuchosha. Yeye alitaka kuja nyumbani kujitambulisha. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, kaka aseme ndiyo. Bila ndiyo yake mama asingekanyaga harusini kwangu, na harusi bila mama yangu mimi siitaki, hata niolewe na malaika.

Basi familia ilipopanga kwenda kutembea kwenye hifadhi ya msitu, kupanda mlima na kucheza kutwa nzima, na gari likatafutwa, nikasema kwa sauti ya mtu asiyejali, "Kuna dereva mmoja namshoneaga viti. Ana adabu."

Usiku wa kuamkia safari nilikutana naye. Nilimpanga vizuri. Nikamwambia, "Utakuja kama dereva tu. Utawabebea vikapu, utamchekesha mama. Jioni wakishafurahi, mimi ndiye nitakayesema. Wewe usifungue mdomo."

"Na kaka yako akinipiga?"

"Ndiyo ninachokiogopa. Ukimrudishia hata kofi moja, tumekwisha."

Akanishika kidole gumba, kile chenye makovu ya sindano, akakibusu. "Mikono yangu mimi ni ya usukani tu, mpenzi."

Nikamwamini. Mngekuwa nyinyi mngemwamini pia.

*

Asubuhi kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga, mpaka nikaanza kuogopa. Mlinzi wa hifadhi alitufungulia geti, tukaegesha kwenye nyasi, tukaanza kupanda kufuata njia ya maporomoko. Bucha mbele, mtoto wake wa kike mabegani. Wifi nyuma yake na vikapu. Kisha mama, kisha mjomba wetu, kaka yake mama, mtu asiyeweza kunyamaza hata akilala. Mimi na Taratibu tulikuwa mwisho, tumeachana hatua kadhaa kama watu wasiojuana.

Palipofika mawe yenye utelezi, mama akasimama, akashika kiuno.

"Nishike hapa, mama," Taratibu akampa mkono. "Taratibu. Jiwe hilo, halafu lile."

Mama akavuka bila kulowa hata upindo. Akageuka, akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Dereva huyu kalelewa. Una mke, baba?"

"Bado, mama."

"Dereva hana mke, dada," mjomba akadakia. "Ana matairi manne na spea. Akiongeza mke atapasua!"

Wote wakacheka, hata Bucha. Mimi nilikuwa nimeinama kujifanya nafunga kamba ya kiatu, uso unawaka moto.

Juu kabisa, kwenye maporomoko, maji yalikuwa yakianguka kwa kelele, na ukungu wake unatulowesha nyusi. Taratibu akanipa chupa ya maji. Kidole chake kikakaa juu ya changu, kikakataa kuondoka.

"Watatuona," nikamwambia bila kufungua meno.

"Waone nini? Nampa abiria maji."

"Abiria wako unawashikaga vidole?"

"Huyu ana nauli ya maisha," akasema. Akaondoka akipiga mluzi, mshenzi yule.

Tulishuka uwanjani kula. Ni uwanda mpana wa nyasi fupi, una meza za mbao na bomba la maji, na familia nyingine zimetandika mikeka yao. Wifi akafungua vikapu: kuku, mikate, mayai ya kuchemsha, matunda. Bucha akamenya yai, akaling'ata, akaacha kutafuna.

"Chumvi iko wapi?"

Wifi akapekua kikapu cha kwanza. Akapekua cha pili. Akakung'uta kitambaa cha mikate.

"Nadhani niliiacha kwenye..."

Bucha alimpiga kwa mgongo wa mkono, mdomoni, kama mtu anayefukuza nzi. Hata hakusimama. "Kaa pembeni huko mpaka ukumbuke," akasema, akaendelea na yai lake.

Mama akaangalia kuku. Mjomba akaanza kusimulia kisa cha nyani aliyemwibia mtu kofia. Ndiyo desturi yetu hiyo, mtu akipigwa mjomba anasimulia. Wifi akasogea mwisho wa mkeka, akafuta damu kwa kona ya kanga yake, akamkatia mtoto ndizi.

Nikamtazama Taratibu. Alikuwa amekaa kando, kama dereva anavyokaa, na chupa ya plastiki mkononi mwake ilikuwa imebonyea mpaka maji yanamchuruzikia magotini. Taya limemkaza. Nikajisemea moyoni, ona, duniani kuna mtu anayeumia kwa ajili ya wifi yangu. Machozi yalinilenga. Nilidhani ni huruma ile.

*

Kamba ilitoka kwa majirani zetu wa mkeka wa pili, familia kubwa yenye vijana wenye vifua. Wakatuita tuvutane nao. Bucha kusikia neno kushindana, akavua shati.

"Tuko wachache," mjomba akalalamika.

"Dereva!" Bucha akaita. "Unakula kuku wetu bure? Njoo uvute!"

Moyo ulinipiga kwa furaha. Nilijua kaka yangu, ukimsaidia kushinda, siku hiyo wewe ni ndugu yake. Taratibu akasimama mbele yake kwenye kamba, mimi mbele ya Taratibu, wifi na mjomba mbele yangu. Mama akawa mwamuzi, akaangusha kitambaa.

Tulivuta! Visigino vilichimba nyasi, viganja vikaungua. Nilikuwa nasikia pumzi ya Taratibu shingoni kwangu, na nyuma yake kaka anahesabia kwa kunguruma, "Haya! Haya! Haya!" Vijana wa watu, akateleza mmoja, wakateleza wote, wakaja kifudifudi. Tukaanguka chali tukicheka. Bucha akainuka kama mtoto, akamkumbatia Taratibu shingoni kwa mkono mmoja, akamtikisa.

"Dereva una nguvu wewe! Dereva una nguvu!"

Na Taratibu, uso wote meno, jasho linamtoka, kasahau kila nilichompanga, akampiga kaka yangu mgongoni akasema:

"Tumewaweza, shemeji!"

Mungu wangu.

Angesema kaka, lingepita. Angesema bosi, mkubwa, mzee, chochote kile. Lakini mwanamume hamwiti mwanamume mwenzake shemeji kwa bahati mbaya. Lile neno lina mtu katikati. Nilimwona mama akiweka mkono mdomoni. Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa kisa.

Mkono wa Bucha ulikuwa bado uko shingoni kwa Taratibu. Haukutoka. Ukaanza kukaza.

"Umeniitaje?"

"Ni... ni mazoea tu ya barabarani, kaka."

"Mimi shemeji yako kwa nani?"

Macho ya Taratibu yakanitafuta mimi. Macho hayajui kudanganya. Bucha akayafuata, yakamfikisha kwangu.

"Kumbe," akasema taratibu kabisa. "Kumbe umetupakia kwenye gari la bwana wako. Na mama yangu ndani!"

Akampiga kwa kichwa usoni. Nilisikia pua ikilia. Taratibu akaenda chini, damu ikamjaa kidevuni, akapigwa teke la mbavu kabla hajajua yuko wapi. Akainuka, mikono chini.

"Sipigani, kaka. Nampenda dada yako. Nilitaka kuja kwa heshima."

"Heshima!" Kofi. "Heshima ya kujificha?" Lingine. "Pigana basi, mwanamke wewe!"

"Sipigani."

Nilikuwa nalia kwa fahari. Ndiyo, kwa fahari. Nilisema moyoni, vumilia mpenzi, vumilia, akichoka atakuheshimu. Lakini Bucha hakuchoka, alibadilisha shabaha. Alinigeukia mimi. Akanishika nywele kwa mkono mzima, akaniburuta kwenye nyasi kuelekea garini, magoti yangu yanachubuka, huku mama anaita, "Mwache! Mwache mwenzio!" bila kusogea alipo.

Hapo ndipo mikono ya usukani ilipoamka.

Ngumi ya kwanza ilimkuta Bucha sikioni, akaniachia. Ya pili tumboni. Ya tatu ikampeleka chini, yule mtu ambaye mtaa mzima haujawahi kumwona chini. Nami nilifurahi! Sifichi. Miaka yote ile, na wifi na lile sikio lake, na jino la mtu wa watu. Niliinuka nikapiga kelele, "Mpige!"

Akampiga. Alimkalia kifuani akampiga kulia, akampiga kushoto. Mdomo wa kaka ukapasuka, jicho likafunga. Bucha akainua kiganja. "Basi," akasema. "Basi, yaishe." Nililisikia vizuri, na Taratibu alilisikia, maana alikishika kile kiganja, akakikunja mpaka kidole kikalia, akaendelea. Mtoto wa kaka alikuwa akipiga mayowe kutoka nyuma ya mama yake. Hapakuwa na hasira tena kwenye uso wa Taratibu. Alikuwa ametulia. Alipiga bila haraka, kama mtu anayefanya kazi anayoijua.

Nikamkimbilia, nikamshika mkono. "Inatosha! Utamuua! Mpenzi, ni mimi, inatosha!"

Akageuka. Akaniangalia usoni. Ningependa niwaambie kwamba hakunitambua, kwamba damu ilimjaa machoni. Alinitambua. Aliniangalia vilevile alivyoniangalia siku ile kwenye ndoo.

"Kaa pembeni!" akasema, na mgongo wa mkono wake ukatua mdomoni kwangu.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nikalamba mdomo, nikakuta damu. Vijana wa mkeka wa pili ndio waliomtoa juu ya kaka, wanne kwa mmoja.

*

Mlinzi wa hifadhi alifika anakimbia, firimbi mdomoni. "Kuna nini hapa?"

"Mchezo tu, afande," mjomba akasema. "Familia. Tunacheza."

"Mchezo gani wa damu?"

"Wa kamba," mama akasema, anatabasamu. Na wote wakaitikia kwa vichwa, hata wifi. Sisi kwa kusitiri hatuna mpinzani.

Mlinzi alipoondoka, Bucha akaenda bombani, akainamia maji muda mrefu. Taratibu alisimama mbali, mikono imemlegea, pua imevimba. Nikadhani kaka ataomba kisu. Akainua uso wake uliovimba, akatema damu, akaanza kucheka.

"Nani kakufundisha kupiga hivyo?"

"Nisamehe, kaka."

"Kwenda zako na nisamehe yako! Wale wawili wa mwanzo walikimbia. Mmoja kaniachia kiatu." Akamwendea, akampa mkono, ule wenye kidole kilichotenguka, akiguna kwa maumivu. "Nilikuwa natafuta mwanamume wa kumkabidhi dada yangu. Nimempata. Umeniita shemeji mapema, lakini basi, hujakosea."

Wakakumbatiana. Mjomba akapiga makofi. Mama akainua mikono juu akamshukuru Mungu, akanijia, akanifuta mdomo kwa kitambaa kilekile alichokiangusha kuanzisha mchezo.

"Haya, mwanangu, si ndiyo hii uliyokuwa unaililia? Kaka yako kakubali. Mbona umenuna?"

"Kanipiga, mama."

"Ulijipenyeza katikati."

"Kanipiga mdomoni."

"Mwanamume akiwa na hasira hapenyezwi katikati, unajua hilo. Utamzoea." Akashusha sauti. "Angalau huyu anakupenda."

Vyombo vilikusanywa. Bucha na Taratibu walibeba vikapu pamoja, wanasimuliana ngumi. "Ile ya sikio sikuiona kabisa!" "Na wewe kile kichwa, kaka, niliona nyota mchana!" Wakacheka. Sijawahi kumwona kaka yangu akimcheka mtu kwa upendo vile.

Garini nilikataa kupanda. Nikasimama kando ya mlango, na Taratibu akaja, amenawa uso, macho yake yale ya upole yamerudi mahali pake.

"Mpenzi, nilichanganyikiwa. Nilipoona anakuburuta, akili ilinitoka."

"Kwa kaka akili ilikutoka, sawa. Kwangu mimi?"

"Ni hasira. Unajua mimi siko hivyo. Sitarudia, nakuapia kaburi la mama yangu. Sitarudia."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu maneno yale nimeyasikia kupitia ukuta wa chumba cha kaka tangu amuoe wifi, na huyu aliyasema vizuri kuliko yeye. Alikuwa na machozi kabisa. Mkono wake ukanyooka kunishika shavu. Nikarudi nyuma kabla sijafikiri, bega likapanda juu lenyewe kuukinga uso. Wote wawili tuliliona lile bega.

"Sikutaki," nikasema.

"Nini?"

"Sikutaki tena. Nakupenda, na sikutaki."

"Lakini wamekubali! Tumehangaika mwaka mzima, na leo wamekubali!"

"Mmekubaliana wewe na wao. Mmelingana."

Bucha akatoa kichwa dirishani, jicho moja limefunga. "Kuna nini tena? Panda gari, tuondoke!"

"Kaka, huyu mmependana naye, nimewaona," nikamwambia. "Oaneni nyinyi."

Mjomba akacheka, akadhani ni utani. Mama akaanza, "We mtoto, usinitie aibu..." Mimi nikageuka nikaanza kutembea.

Njia ya kutoka hifadhini ni ya kokoto, ndefu, miti pande zote mbili. Nilikuwa pekupeku, viatu nilivivua mkekani na vilikuwa vimeshapakiwa garini pamoja na vyombo, na sikutaka kurudi hata kwa viatu. Nyuma nikasikia injini. Gari likaja ubavuni kwangu, polepole, kwa mwendo wake ule niliokuwa naupenda. Taratibu aliongea kupitia dirishani, aliomba, alilia waziwazi, mwanamume mzima na usukani wake. Bucha alitukana. "Hutakaa ukaolewa! Unanisikia? Hakuna atakayekutaka!" Nilikuwa nalia pia. Kila kokoto iliniingia mguuni, na kila neno la Taratibu likaniingia pahali pengine, na bado nikatembea.

Kisha dirisha la nyuma likafunguka. Wifi akatoa mkono, ameshika viatu vyangu.

"Funga dirisha hilo!" Bucha akafoka kutoka mbele.

Wifi hakufunga. Mdomo wake ulikuwa umevimba palepale wangu ulipovimba. Akavidondosha viatu barabarani, mbele ya miguu yangu, akaniangalia.

"Vaa, wifi," akasema. "Nenda."

Gari likanipita. Nilikaa juu ya kokoto, nikavaa viatu, nikaenda.